Mtoto Hakuulizwa

Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani, wavulana wa shule ya bweni ya Frederick William Gunn, katika mji mdogo wa Washington jimboni Connecticut, walishikwa na hamu ya uaskari. Walitaka kupiga gwaride, na zaidi ya yote walitaka kulala nje. Gunn, mwalimu aliyewahi kutengwa na majirani zake kwa kupinga utumwa, hakuwakatalia. Kwanza aliwaruhusu wajiviringishe mablanketi na kulala chini, nje ya mabweni. Kisha kiangazi hicho, yeye na mkewe Abigail waliwaongoza wanafunzi kwa miguu hadi pwani ya Milford, mwendo wa zaidi ya kilomita 60. Huko walipiga mahema, wakavua samaki na kupanda mashua kwa siku kadhaa kabla ya kurejea shuleni. Wengi wanaoandika historia ya kambi za kiangazi za watoto Marekani huanzia hapo.

Kisa hicho kina jambo moja ambalo baadaye lilisahaulika kwa miongo mingi: wazo la kwenda lilitoka kwa watoto wenyewe.

Na si kwamba watu wazima wa enzi ile hawakujua uzito wa kulala mbali na nyumbani. Tangu 1688 daktari kijana wa Basel, Johannes Hofer, alikuwa ameandika tasnifu akieleza simanzi ya kukumbuka kwao kuwa ni ugonjwa kamili, unaoweza kumdhoofisha mtu hadi kufa. Katika vita hivyohivyo vya Marekani, madaktari wa jeshi la Kaskazini waliorodhesha zaidi ya wagonjwa 5,000 wa simanzi hiyo, na baadhi yao walifariki. Hao walikuwa askari wenye bunduki. Lakini kambi za watoto zilipoanza kuenea, elimu hiyo iliwekwa kando, kwa sababu wazazi walikuwa na hofu nyingine kubwa zaidi.

Hofu hiyo ilikuwa ulegevu. Mwaka 1876 daktari Joseph Rothrock alifungua kambi katika milima ya Pennsylvania kwa ajili ya wavulana dhaifu, ili hewa na mazoezi viwape afya. Miaka mitano baadaye Ernest Balch, mwanafunzi wa chuo cha Dartmouth, aliwatazama watoto wa matajiri wakipoteza kiangazi kizima kwenye hoteli za mapumziko, wakihudumiwa kwa kila kitu, akasononeka. Akawachukua wachache hadi kisiwa kimoja katika ziwa Asquam, New Hampshire, na kuiita kambi yake Chocorua. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna mtumishi.

Wavulana ambao hawakuwahi kuosha sahani waligawanywa kwa zamu: hawa wapike, hawa waoshe vyombo, wengine wasafishe kambi. Pesa za matumizi zilikuwa kidogo na zilitoka kwa kiwango kimoja kwa wote. Aliyetaka mtumbwi wake mwenyewe au kitu kingine cha ziada ilibidi aombe kazi ya ujenzi au ukarabati pale kambini, akubaliane bei, aifanye, kisha alipwe. Kambi ilikuwa hata na benki yake, na wavulana wakaandikiana hundi. Ni vigumu kutompenda Balch mtu anaposoma mambo haya, kwa maana aliwaamini watoto kwa kazi halisi na fedha halisi. Kambi yake ilifungwa mwaka 1889, lakini mfano wake ulinakiliwa kote kaskazini-mashariki mwa Marekani.

Hata hivyo, kwa Balch na walioiga mfano wake, mtoto aliyekuwa tayari kwa kambi alikuwa yule ambaye wazazi wake waliona anaharibikiwa nyumbani.

Kwa watoto wa maskini kipimo kilikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1876 mchungaji Hermann Walter Bion wa Zurich aliwatoa watoto 68 katika mitaa ya mji na kuwapeleka vilima vya Appenzell, wakapumue na kula vizuri. Wazo hilo lilivuka hadi Ufaransa katika miaka ya 1880. Mchungaji Lorriaux na mkewe walianza Paris, kisha Edmond Cottinet akawachukua watoto wa shule za serikali. Waliochaguliwa ni wale waliodhoofu, na daktari ndiye aliyeamua. Mtoto alipimwa uzito siku ya kuondoka, akapimwa tena siku ya kurudi, na kifua chake pia kikapimwa kwa utepe. Kilo zilizoongezeka ndizo zilizoonyeshwa kwa wafadhili kama ushahidi kwamba fedha yao haikupotea. Utaratibu huu uliokoa afya ya watoto wengi, na hilo lisidharauliwe. Lakini mizani iliuliza mwili tu.

New York ilifuata njia ya namna hiyo. Mwaka 1877 mchungaji Willard Parsons wa Sherman, Pennsylvania, aliwaomba waumini wake wawapokee majumbani watoto wa nyumba za msongamano za jijini. Huo ndio mwanzo wa mfuko wa hewa safi ambao ungali unafanya kazi. Kabla ya kupanda treni watoto walikaguliwa: chawa, upele, homa ya kuambukiza. Aliyepita ukaguzi alihesabiwa kuwa tayari. Mwaka 1902 Wayahudi wa jiji hilo walianzisha kambi ya Surprise Lake kwa wavulana wa mtaa wa Lower East Side. Eddie Cantor, yatima aliyelelewa na bibi yake na baadaye kuwa mchekeshaji mashuhuri, alikuwa miongoni mwa waliopitia huko, na alipopata pesa akawa mfadhili wa kambi hiyo.

Kwa familia za Wamarekani weusi swali la kwanza halikuwa la umri wala afya, kwani kambi nyingi hazikuwapokea watoto wao. Ndiyo maana mwaka 1921 mchungaji William DeBerry wa Springfield, Massachusetts, alianzisha kambi ambayo baadaye ilijulikana kama Atwater. Mzazi mweusi aliyetafuta mahali pa kumpeleka mwanawe alihitaji kwanza kujua ni wapi mtoto huyo hatadhalilishwa.

Ugonjwa nao ulivuruga hesabu zote. Kiangazi cha 1916 polio iliua zaidi ya watu 2,000 katika jiji la New York pekee, wengi wao watoto wadogo. Waliokuwa na uwezo waliwakimbiza watoto nje ya jiji, huku miji mingine ikiwafungia mlango watoto wa New York. Je, kambi ilikuwa kimbilio au hatari? Mwaka 1921, mwishoni mwa Julai, Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alitembelea mkusanyiko wa maskauti huko Bear Mountain. Wiki mbili baadaye alikuwa kitandani, miguu yake imepooza, na wengi wanaoandika maisha yake hudhani aliambukizwa pale. Hadi chanjo ya polio ya Jonas Salk ilipoidhinishwa mwaka 1955, kila mzazi aliyemfungia mwanawe sanduku la kambi alikuwa na hofu hiyo moyoni.

Kambi za maskauti zilifika hadi Afrika Mashariki. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alianza na wavulana wapatao 20 kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, na mwisho wa maisha yake ulikuwa Kenya. Alifariki Januari 1941 na kuzikwa Nyeri.

Sauti ya mtoto ilianza kusikika hadharani kwa njia ya wimbo. Mwaka 1963 Allan Sherman, mchekeshaji, alitoa wimbo uliojengwa kama barua ya mtoto aliyeko kambini akiwasihi wazazi wamrudishe. Chanzo chake kilikuwa barua za malalamiko za mwanawe mwenyewe. Wimbo ulipanda hadi nafasi ya pili katika chati za Marekani. Watu walicheka, na huenda walicheka kwa sababu kila mmoja alikuwa ameandika au kupokea barua ya namna hiyo.

Aliyeichukua barua hiyo kwa uzito ni mwanasaikolojia Christopher Thurber. Katika miaka ya 1990 aliwafuatilia wavulana 329 wa miaka 8 hadi 16 kambini, akiwauliza siku kwa siku hali zao. Asilimia 83 walisema waliwahi kukumbuka nyumbani angalau siku moja. Kwa wengi ilikuwa simanzi nyepesi iliyopita, ila wachache waliumia kweli. Walioumia zaidi walikuwa na mambo yanayofanana: hawakuzoea kulala mbali na kwao, walikwenda wakiwa wameshaamini watateseka, na walihisi hawakushirikishwa katika uamuzi. Umri una nafasi yake, hasa kwa kuwa aliye mdogo hajapata nafasi nyingi za kuzoea.

Mwaka 2007 Thurber na daktari wa watoto Edward Walton waliandika mwongozo kwa niaba ya chama cha madaktari wa watoto wa Marekani. Ushauri wao ni wa kawaida sana: mtoto ashiriki kuchagua, alale kwanza siku mbili tatu kwa rafiki au ndugu bila simu, aweke alama kwenye kalenda aone urefu halisi wa muda. Jambo moja walilikemea waziwazi. Mzazi asimwahidi mtoto kwamba asipopapenda atakuja kumchukua, kwa sababu ahadi hiyo humwambia mtoto kwamba hata mama yake haamini ataweza, na kuanzia usiku wa kwanza atakuwa anasubiri gari tu.

Familia nyingi za Afrika Mashariki zina tayari zoezi hilo la kulala mbali na nyumbani, ila haziliiti zoezi. Mtoto wa Dar es Salaam anayepelekwa Moshi kwa bibi kila Desemba ameshajifunza kulala kitanda kigeni na kula chakula cha mkono mwingine. Kinachoendana zaidi na kambi ya Wamarekani, hata hivyo, ni bweni, na huko muda si wiki mbili bali muhula. Machi 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilitoa waraka wa kusitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Waraka ulipima kwa darasa, kama sheria inavyolazimika kufanya. Mtoto akifika darasa la tano, kazi inarudi kwa baba na mama: wajue amewahi kulala wapi bila wao, na wamuulize mwenyewe kama anataka kwenda, kabla ada haijalipwa.