Breki ya baiskeli iliyowafungulia mlango wa kazi watu wenye ulemavu

Marc Gold, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alitandaza mezani vipande 15 vya breki ya baiskeli. Ni ile breki inayokaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na kushika pale mwendeshaji anapokanyaga pedeli kinyumenyume. Kuiunganisha si kazi nyepesi hata kwa mtu aliyezoea spana. Gold aliwapa kazi hiyo watu 64 wenye ulemavu wa akili wa kiwango cha kati na kikubwa, ambao siku zote walipewa kazi ndogondogo tu kwa sababu iliaminika kwamba hawafundishiki zaidi ya hapo.

Hakuanza kwa hotuba. Aliikata kazi nzima kuwa hatua fupifupi, kila moja ikiongoza kwenye inayofuata. Kwa kundi moja alipaka rangi upande wa kipande unaotakiwa kumwelekea mfungaji, na kundi hilo likajifunza upesi zaidi. Maneno yalikuwa machache; mkono wa mkufunzi ndio ulioelekeza. Mtu alipokosea hakukaripiwa, aliambiwa ajaribu njia nyingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972: watu 63 kati ya 64 walijua kuiunganisha breki ile.

"Jaribu njia nyingine" ikawa kaulimbiu ya Gold, naye akaielekeza kwa walimu wenyewe. Mwanafunzi asipoelewa, wa kwanza kubadilika ni anayefundisha.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, turudi nyuma kidogo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1920 ilianzisha huduma za kuwaandaa raia wenye ulemavu kwa ajili ya kazi, lakini ililenga ulemavu wa viungo. Wenye ulemavu wa akili waliingizwa mwaka 1943. Wakati huo sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 ilikuwa imeshawaruhusu waajiri wenye kibali maalumu kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kima cha chini cha mshahara. Zikashamiri karakana za pembeni, ambako watu hao waliketi peke yao wakichambua na kufungasha vitu vidogo kwa malipo haba. Utaratibu ulikuwa mmoja: jiandae kwanza, utaajiriwa ukiwa tayari. Wengi walizeeka wakijiandaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Richmond katika jimbo la Virginia, Paul Wehman na wenzake wa Virginia Commonwealth University waliupindua utaratibu huo. Mtu aajiriwe kwanza, mahali pa kazi pa kawaida na kwa mshahara wa kawaida, kisha afundishwe palepale. Ili hilo liwezekane alihitajika mtu wa kusimama naye, na Wamarekani wakamwita kocha wa kazi.

Kocha wa mpira hukaa kando ya uwanja akipaza sauti. Huyu huingia uwanjani yeye kwanza. Kabla mfanyakazi hajaanza, kocha huifanya kazi ile kwa mikono yake, iwe kuosha vyombo hotelini au kupanga bidhaa dukani, hadi aijue hatua kwa hatua. Kisha humfundisha mwenzake bega kwa bega, pamoja na basi la kupanda asubuhi na namna ya kumwomba msimamizi ruhusa. Mfanyakazi anapoimudu kazi, kocha hujiondoa kidogo kidogo: siku nzima huwa nusu siku, nusu siku huwa ziara ya mara moja kwa wiki. Zamu zikibadilika au akija msimamizi mpya, hurudi.

Kwetu Waswahili njia hii si ngeni. Mwanagenzi wa useremala hakusubiri miaka mingi darasani ndipo aguse randa. Alikaa na fundi wake, akashika, akakosea, akaelekezwa. Kipya kilikuwa kumpa nafasi hiyo mtu ambaye jamii ilikwisha kumkatia tamaa.

Serikali ya Marekani iliitambua njia hiyo ya kocha wa kazi katika sheria ya mwaka 1984, na mwaka 1986 ikaanza kuzipa majimbo fedha za kuiendesha. Mwaka huo walionufaika hawakufika 10,000. Katikati ya miaka ya 1990 walizidi 100,000. Huko New Hampshire, Robert Drake na Deborah Becker waliipeleka kwa watu wenye maradhi makubwa ya akili, na tafiti nyingi zikaonyesha kwamba wanaosaidiwa hivyo hupata ajira zaidi kuliko wanaotakiwa kujiandaa kwanza. Mwaka 2002 jimbo la Vermont lilifunga karakana yake ya mwisho ya pembeni.

Tanzania nayo ina historia yake. Sheria ya mwaka 1982 iliwataka waajiri watenge asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikapandisha kiwango hadi asilimia 3 kwa kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Ni hatua ya kujivunia. Lakini asilimia huhesabu viti tu. Haimfundishi aliyekalia kiti, wala haimwondolei msimamizi hofu ya kumpokea mfanyakazi ambaye yeye msimamizi hajui aanze naye wapi. Hofu hiyo ndiyo inayowabakiza wengi mlangoni na vyeti vyao mkononi.

Dawa yake haihitaji mitambo. Mwajiri anaweza kumteua fundi mmoja mvumilivu, akampa wiki kadhaa za kukaa na mfanyakazi mpya, na kazi hiyo akaihesabu kuwa sehemu ya majukumu yake. Vyuo vya ufundi vinaweza kuwaandaa walimu wa kumfuata mhitimu hadi kiwandani badala ya kuagana naye siku ya mahafali. Serikali, iliyokwisha kuandika asilimia 3 kwenye sheria, itenge fedha za kuwalipa wakufunzi hao. Watu 63 kati ya 64 walishatoa jibu zaidi ya miaka 50 iliyopita: wanafundishika. Wanachokingoja ni mwalimu.