Oranienburg: uwanja wa ndege na pembetatu yake

Najua nimepotea, msinipige mawe. Ni testi mfululizo, halafu bumu nalo limechelewa, kwa hiyo mwili upo ila nguvu hakuna. Leo nimepata nafasi na nina stori ya historia ambayo imenikaa kichwani wiki mbili nzima.

Ilianzia chumbani kwetu. Mshikaji ninayelala naye chumba kimoja ni mgonjwa wa ndege. Ana kompyuta moja ya zamani inayopiga kelele kama mashine ya kusaga, na ndani yake ana Flight Simulator ile ya 2004. Wengine wanacheza mpira wa kompyuta, yeye anarusha ndege. Lakini ukweli ni kwamba harushi sana, muda mwingi anajenga viwanja. Anataka viwanja vya Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, vionekane kama vilivyokuwa wakati ule. Safari hii akachagua Oranienburg, mji ulio kama kilomita 35 kaskazini ya Berlin.

Kwa nini Oranienburg? Kwa sababu mwanzoni mwa 1945 ndege moja ya ajabu ilijaribiwa pale. Ni ndege ya ndugu wawili, Walter na Reimar Horten. Haina mkia wala kiwiliwili, yaani ni bawa tupu, imeundwa kwa mbao sehemu kubwa, halafu ina injini mbili za jeti. Tarehe 18 Februari 1945 injini moja ilizima, ndege ikaanguka, na rubani Erwin Ziller akafariki. Wapenda ndege duniani kote wanaililia ile ndege mpaka leo, na nyingine ya aina hiyohiyo ipo Marekani kwenye makumbusho ya Smithsonian. Rumi wangu anataka airushe kutoka uwanja uleule, mwezi uleule.

Sasa mimi nasoma ualimu wa Historia na Jiografia, basi akaniambia, "Kaka, wewe ndiye mtu wa ramani, nisaidie." Nikajua ni kazi ya dakika kumi. Kumbe!

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe ilivyo. Programu inakuja na dunia ya siku hizi, kwa hiyo kabla ya kujenga lazima ubomoe. Kuna barabara kuu inayozunguka Berlin na kupita kusini ya Oranienburg. Duara lake halikukamilika mpaka 1979, kwa hiyo ukiliacha lote umeshakosea. Unafuta viwanda vipya na mitaa mipya. Kisha unapanga upya: kwanza urefu wa ardhi juu ya usawa wa bahari (pale ni tambarare, tukashukuru), halafu picha ya kuivisha ardhi, halafu mito na mifereji, halafu reli, misitu ya misonobari, mwisho majengo moja moja. Kila jengo unalichora pande zote kwenye programu nyingine ndipo unalibandika mahali pake. Na kwa kuwa ni Februari, huwezi kuweka nyasi za kijani kama za uwanja wetu wa mpira. Kule ni baridi, nyasi zimefifia na miti mingi haina majani.

Unajuaje jengo lipi lilikuwa wapi? Hapo ndipo Historia inaingia. Wakati wa vita ndege za Uingereza na Marekani zilikuwa zinapita juu ya Ujerumani na kupiga picha, maelfu kwa maelfu, na mkusanyiko mkubwa wa picha hizo umehifadhiwa Edinburgh. Picha ya namna hiyo ukiijua kuisoma ni chanzo cha kwanza kabisa. Kivuli kinakuambia urefu wa jengo, mashimo ya mabomu yanakuambia tarehe. Mfano, tarehe 18 Aprili 1944 ndege za Marekani zilikipiga kiwanda cha ndege cha Heinkel pale Oranienburg. Kwa hiyo ukijenga Februari 1945 ukaweka mapaa mapya yanayong'aa, wewe unajenga ndoto, hujengi historia.

Basi nikakaa naye kutazama picha za angani za eneo lile, za zamani na za sasa. Upande wa magharibi wa mji, uwanja na kiwanda. Sawa. Macho yakaenda kaskazini-mashariki, nikaona pembetatu. Pembetatu kubwa, iliyonyooka kama imechorwa kwa rula. Nikamuuliza, "Na hii?" Akajibu bila kugeuka, "Hiyo achana nayo, siyo ya uwanja."

Wadau, hiyo pembetatu ni Sachsenhausen.

Ni kambi ya mateso iliyojengwa na SS mwaka 1936. Waliichora makusudi kwa umbo lile ili mlinzi akikaa getini na bunduki ya rashasha aone kila banda. Kati ya 1936 na 1945 walipitishwa humo zaidi ya watu 200,000: wapinzani wa kisiasa, Wayahudi, Waroma, mashoga, mateka wa Kisovieti na wengine wengi. Maelfu kwa maelfu hawakutoka. Kulikuwa na njia maalumu ambayo wafungwa walilazimishwa kutembea siku nzima, kilomita makumi, ili kupima soli za viatu vya viwanda vya Kijerumani. Viatu!

Sasa yule mshikaji kusema "siyo ya uwanja" ndiyo kosa lenyewe. Kiwanda cha Heinkel kiliendeshwa kwa wafungwa wa kambi ile. Kuanzia 1942 waliletwa kuunda He 177, lile dege kubwa la mabomu ambalo injini zake zilikuwa zinashika moto hovyo. Mwaka 1944 walikuwa zaidi ya 6,000 pale Heinkel. Mabomu yale ya Aprili 1944 yalipoanguka, yaliwaua na wao. Kwa hiyo ukichora kiwanda ukaacha kambi, umechora mashine ukaficha mikono iliyoiendesha.

Nilipomwambia hivyo akaguna tu. Akasema mtu anapita juu mita 600 kwa kasi, nani atashuka kuangalia mabanda? Halafu kompyuta yenyewe haina nguvu, ukiongeza majengo 60 inakwama. Hoja hiyo ya pili siwezi kuipuuza, maana ile kompyuta naijua. Lakini nikamwonyesha jambo moja. Wajenzi wengi wa mandhari hizi huondoa alama ya swastika kwenye mikia ya ndege, kwa sababu sheria ya Ujerumani inaibana sana. Sawa. Lakini kambi haijakatazwa na sheria yoyote, na bado haionekani. Matokeo yake ni uwanja msafi, ndege safi, marubani hodari, na vita isiyo na mtu aliyeonewa. Kijana wa miaka 14 akirusha ndege mara mia juu ya mji ule, ndiyo historia atakayoijua.

Halafu nikamtajia jina ambalo lilimfanya ageuze kiti. Mahjub bin Adam Mohamed.

Huyu ni mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904. Vita ya Kwanza ilipokuja alikuwa bado mtoto, na akaingia kwenye jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wa uaskari, wake na wa baba yake. Wakamjibu kwamba muda wa kudai umepita (si mnaijua hiyo lugha, ndugu zangu wa bumu?). Akabaki kule akitumia jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu wa mgahawa, akacheza sehemu ndogondogo kwenye filamu zaidi ya 20, na pale chuo kikuu cha Berlin akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili. Mwalimu mwenzetu kabisa! Akaoa kule, akapata watoto. Mwaka 1941 Gestapo wakamkamata kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu. Wakampeleka Sachsenhausen. Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944.

Hesabuni wenyewe. Kutoka 24 Novemba mpaka tarehe ya ile ajali ya bawa la Horten haijafika miezi mitatu. Sisemi kwamba yeye aliunda ndege. Nasema kwamba tulikuwa tunajenga mji ule nyasi kwa nyasi, tunabishana kuhusu rangi ya paa la hanga, na mtu wa Dar aliyefundisha lugha hii ninayoandikia alifia ndani ya ile pembetatu tuliyoambiwa tuiache.

Rumi akakaa kimya. Kisha akauliza, "Mabanda yako mangapi?"

Tumefanya hivi. Tumepunguza msitu upande wa kusini, ambako hakuna anayepita, ili kompyuta ipumue. Mabanda hatukuyachora kila moja na madirisha yake. Tulichora moja rahisi tukalirudia kwa mpangilio wake wa nusu duara, tukaweka ukuta, geti, na uwanja wa kuhesabia watu. Reli na barabara ya kwenda upande wa Heinkel tumeziacha zionekane wazi. Juzi usiku kabla umeme haujakatika akairusha. Akaondoka uwanjani, akageukia mashariki juu ya mji, na pembetatu ikaonekana mapema kuliko kitu kingine chochote. Kutoka angani huwezi kuikosa. Akazunguka mara mbili bila kusema kitu, akatua. Vibaya, lakini akatua.

Nimewaza sana kuhusu mazoezi ya kufundisha mwaka huu. Na sisi walimu tunajenga mandhari ubaoni. Ukifundisha Vita Kuu ya Pili unataja Hitler, Poland, 1939, 1945, kengele inalia. Wanafunzi wanatoka wakidhani ni mambo ya Wazungu na vifaru vyao. Mwaka 2007 huko Berlin waliweka kibamba kidogo cha shaba barabarani chenye jina la Husen. Mimi nimesoma Historia tangu msingi mpaka hapa chuo na sikuwahi kulisikia jina hilo darasani hata siku moja. Mimi kipindi changu cha kwanza nitaanza naye.

Naishia hapa, kesho saa mbili asubuhi kuna testi ya saikolojia ya elimu na sijagusa hata ukurasa. Aliyepiga nondo anitumie maswali. Alamsiki.