Video ya AVCHD kwenye kompyuta ya nyumbani

AVCHD ni mfumo wa kurekodi video ya ubora wa juu katika kamera ndogo za mkononi. Sony na Panasonic waliutangaza mwaka 2006, wakati kamera nyingi za HD za bei nafuu zilikuwa bado zinatumia kanda ndogo za HDV. Picha zake hubanwa kwa kanuni ya H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, na kuandikwa kwenye memori kadi. Kamera hizo sasa zinapatikana mitumbani kwa bei ambayo kijana anayeanza kazi ya kupiga video anaimudu. Akirekodi ndoa Maili Moja, Kibaha, au ngoma Kisarawe, hapati shida sana siku ya shughuli. Shida huanza usiku, anapoketi nyumbani kuhariri na picha zikaanza kukwama.

Sababu ya kukwama iko kwenye hesabu. Fremu moja ya HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Kama fremu 25 za kila sekunde zingehifadhiwa bila kubanwa, hata baada ya kupunguza taarifa za rangi kama kamera hizi zinavyofanya, saa moja ingekula gigabaiti 280 hivi. AVCHD ya mwanzo haivuki megabiti 24 kwa sekunde, yaani gigabaiti 11 hivi kwa saa. Kilichobaki ni kama sehemu moja ya ishirini na sita.

Punguzo hilo linapatikana kwa kutorudia kitu kilichokwisha kusemwa. Kamera huandika fremu moja kamili, kisha fremu kadhaa zinazofuata huandikwa kama tofauti tu: bibi harusi amegeuza kichwa, ukuta nyuma yake ni uleule. Baadhi ya fremu hizo za tofauti hutegemea iliyotangulia, nyingine hutegemea iliyotangulia na inayofuata kwa pamoja. Kwa kutazama tu, mpango huu hauna taabu, maana picha hufunguliwa kwa mfuatano. Mhariri, kwa upande wake, huruka huku na huku. Akisimama katikati ya mlolongo, kompyuta inarudi hadi fremu kamili ya nyuma, inajenga upya zote zilizo kati, ndipo inamwonyesha ile moja aliyoitaka. Akirudisha video kinyumenyume, kazi hiyo inafanyika tena na tena. AVCHD iliundwa kwa ajili ya kurekodi na kutazama, na anayekata vipande analipa gharama ambayo waundaji wake waliiahirisha.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Picha zikikwama, mtu hukimbilia kununua diski ya SSD. Lakini megabiti 24 kwa sekunde ni megabaiti 3 tu, na hata diski ya kawaida iliyo nzima huzisoma bila jasho. Mzigo uko kwenye prosesa. Prosesa nyingi za Intel kuanzia kizazi cha mwaka 2011 zina sehemu maalumu ya kufungua H.264, ila haisaidii mpaka programu ya kuhariri iwe inajua kuitumia. Mwenye fedha ya kifaa kimoja aanzie kwenye prosesa, kisha ramu, na diski ije baadaye.

Asiye na fedha ya kifaa chochote ana njia mbili. Ya kwanza ni kuzigeuza picha zote, kabla ya kuhariri, ziwe katika kodeki, yaani kanuni ya ubanaji, isiyotegemeana fremu, kama ProRes ya Apple au DNxHD ya Avid. Kila fremu inasimama peke yake na kompyuta inapumua. Gharama ni nafasi: kwa fremu 25, kiwango cha kawaida cha kodeki hizi kinakaribia megabiti 120 kwa sekunde, kwa hiyo saa moja inafika gigabaiti 54. Shughuli iliyorekodiwa kwa saa sita inajaza zaidi ya gigabaiti 300. Njia ya pili ni kutengeneza nakala ndogo, zinazoitwa proksi, labda za nukta 960 kwa 540, ukahariri hizo na mwishoni programu ikarudi kwenye picha halisi. Kdenlive, ambayo ni ya bure, ina uwezo huo. Kwa kazi za sherehe naipendelea njia hii ya pili, kwa sharti moja: majina ya mafaili halisi yasiguswe hata kidogo, la sivyo programu itayatafuta bila kuyaona.

Majina hayo yanatupeleka kwenye kosa linaloumiza kuliko yote. Ndani ya memori kadi ya AVCHD mna folda ya PRIVATE, ndani yake AVCHD, kisha BDMV, na mwisho STREAM yenye mafaili ya MTS. Mtu huchukua MTS peke yake na kufuta vilivyobaki, akidhani ni takataka. Kumbe kamera hukata rekodi ndefu vipande vipande, nyingine kila gigabaiti 2, nyingine kila 4, na mafaili yanayoonekana takataka ndiyo yanayosema vipande vinaungana vipi. Kwa kiwango cha juu, gigabaiti 2 ni dakika 11 hivi, na hakuna hotuba ya nikaha inayoisha ndani ya muda huo. Ukiunganisha kienyeji, sauti inaweza kuruka kwenye kiungo, na kiungo hicho kinaweza kuangukia pale bwana harusi anapoitikia. Nakili folda nzima kama ilivyo.

Ubora wa picha, hata hivyo, huamuliwa mapema, kamera ikiwa bado mkononi. Kisarawe ni wilaya ya vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, na majani yanayotikiswa na upepo ni adui wa ubanaji, kwa kuwa kila fremu inatofautiana na iliyopita karibu kila mahali. Kamera ikishikwa mkononi mbele ya miti, biti zote zinaliwa na majani, na nyuso za wachezaji zinabaki na vijisanduku. Stendi inasaidia kuliko programu yoyote. Umeme nao una neno lake: Tanzania hutumia mzunguko wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani hurekodi takriban fremu 30 au nusu-fremu 60, na mbele ya taa hizo picha inapepesa. Shata ikiwekwa 1/50 au 1/100, mpepeso hutulia. Kuuondoa baadaye ni kazi ngumu.

Kamera nyingi za AVCHD hurekodi kwa nusu-fremu: mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa, jumla 50 kwa sekunde. Kwenye kioo cha kompyuta, kiuno cha mcheza mdundiko huonekana kimechanika kama meno ya kitana. Video ya kwenda kwenye simu ni lazima iunganishwe mistari wakati wa kurenda, yaani kompyuta inapotoa filamu iliyokamilika. Ukikosea mpangilio wa nusu-fremu, mwendo wote unatetemeka.

Wateja wengi hutaka flashi ya kuchomeka kwenye televisheni. Televisheni za zamani husoma FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, hivyo filamu ya saa mbili inabidi ibanwe chini ya megabiti 4.7 kwa sekunde, sauti ikiwemo, au igawanywe sehemu mbili. Naonelea kugawanya. Kurenda kwenyewe huweza kula usiku mzima, na umeme ukikatika saa kumi alfajiri kazi inaanza upya. UPS ndogo huipa kompyuta dakika za kuzimwa kwa utaratibu, na filamu ikirendwa kwa sehemu, kinachopotea ni sehemu moja tu. Asubuhi, kabla kadi haijafutwa kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi nyingine, folda ya PRIVATE iwe imeshakaa kwenye diski mbili, ndani ya folda iliyoandikwa tarehe na mahali.