Kompyuta Haioni Mtandao Wowote: Historia Fupi ya Mahali Panapokatika

Fikiria uko Mugumu, Nyamongo au Sirari. Dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu linakaribia kufungwa, na kompyuta mpakato yako haikamati mtandao wowote. Wengi hapo tunakimbilia kwa fundi. Fundi anafuta kila kitu, anaweka Windows upya, unalipa, unarudi nyumbani, na tatizo liko palepale. Kilichoondoka ni hela yako na nyaraka zako.

Kwa nini? Kwa sababu kompyuta ni pingili moja tu ya mnyororo mrefu. Pingili hizo hazikutengenezwa siku moja. Kila moja iliwekwa na watu waliokuwa na shida yao mahususi, na ukiijua shida hiyo, unajua pia pingili hiyo ikikatika inaonyesha dalili gani.

Tuanze na redio. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliwasha ALOHAnet, kazi iliyoongozwa na Norman Abramson. Shida yao ilikuwa bahari: walitaka kompyuta za visiwa mbalimbali ziwasiliane bila kutegemea waya za simu. Wazo lao lilikuwa rahisi. Mashine zote zitumie masafa yaleyale, na zikigongana, kila moja isubiri kidogo kisha irudie. Wazo hilo ni miongoni mwa yaliyozaa kiwango cha mwaka 1997 ambacho leo tunakiita Wi-Fi.

Wi-Fi ilianza kwenye gigahezi 2.4, na gigahezi 5 ikaja kuenea baadaye. Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Kompyuta nyingi za mtumba zinasikia 2.4 peke yake. Simu yako mpya ikirusha hotspoti kwenye 5, kompyuta haitaona hata jina lake. Fungua mipangilio ya hotspoti kwenye simu, ubadilishe kwenda 2.4. Kama bado haioni jina lolote, hata la jirani, angalia kama hali ya ndege imewashwa, au kama kuna swichi ndogo ya Wi-Fi ubavuni. Kisha chomeka simu kwa waya wa USB na uruhusu intaneti ipite humo. Ikipita, basi intaneti ipo na kilichogoma ni redio ya kompyuta au draiva yake. Utaipakua draiva hiyo kwa waya huohuo, bila kufuta chochote.

Pingili ya pili ni anwani. Zamani mtu wa kompyuta alipita mashine moja baada ya nyingine akiandika namba kwa mkono. Mwaka 1993 ukatoka utaratibu wa DHCP, ambapo ruta yenyewe inagawa namba. Kompyuta ikikosa kugawiwa, Windows inajipa namba inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo, usiguse Windows. Zima ruta au hotspoti, subiri kidogo, washa tena.

Ya tatu ni majina. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina ya kompyuta zote za mtandao wa Marekani yalikaa kwenye orodha moja, ikitunzwa na ofisi ya Elizabeth Feinler huko California. Orodha ilipozidi kukua, Paul Mockapetris akabuni DNS mwaka 1983. Desemba ya mwaka huohuo Mike Muuss, akihangaika na mtandao uliokuwa unamsumbua kazini, aliandika programu ndogo akaiita ping, kwa kufananisha na mlio wa sona za nyambizi. Unaweza kuitumia leo. Fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8. Ikijibu na tovuti bado hazifunguki, njia ipo ila majina hayatafsiriki, kwa hiyo rekebisha DNS.

Majina nayo yakiwa sawa, tazama saa. Tangu Netscape walipoleta usalama wa SSL mwaka 1995, tovuti huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta inaamini tuko mwaka 2009, na kila cheti kinaonekana batili. Unasema mtandao hakuna, kumbe kalenda ndiyo mbovu.

Sasa tutoke nje ya kompyuta, maana Mara ina historia yake. Ukiwa Sirari, simu inaweza kunasa mnara wa Kenya, na bando lako la Tanzania likakaa tu bila kufanya kazi. Chagua mtandao kwa mkono. Serengeti nako, kwenye miaka ya 2000, watafiti wa chuo cha KTH cha Sweden na wenzao wa Tanzania, COSTECH ikiwemo, walijenga mtandao wa kasi katika wilaya za Bunda na Serengeti kwa kutumia nyuzi za mwanga zilizopita kwenye njia za umeme za TANESCO. Moja ya mambo yaliyowasumbua ni umeme wenyewe, wakalazimika kutafuta ruta zinazokula umeme kidogo. Somo hilo halijazeeka: umeme ukikatika kwenye mnara, kompyuta yako nzima kabisa itaonekana mbovu.

Na wakati mwingine kosa liko mbali zaidi. Mkongo wa Seacom ulizinduliwa Julai 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 yote miwili ilikatika baharini kusini mwetu, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia sana. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulisitisha huduma nyingi kwa siku mbili. Siku ile hakuna fundi wa Tarime ambaye angekusaidia.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, uliza kwa mpangilio huu. Je, simu ya mwenzako inapata intaneti hapohapo? Kompyuta yako inaona jina lolote la Wi-Fi? Imepewa anwani? Ping inajibu? Saa iko sawa? Jibu la kwanza la "hapana" ndilo linalokuonyesha pa kuanzia. Ukiwa na jibu hilo, hata ukienda kwa fundi utamwambia, "Draiva ya Wi-Fi imekufa, naomba uiweke," wala hutamruhusu afute chochote. Na kama dirisha la maombi linafungwa kesho, usingoje: chomeka simu kwa waya utume fomu kwanza, matengenezo yatafuata.