Sheria ya Kutolazimika Kuondoka

Aprili 2005, Gavana Jeb Bush wa Florida alitia saini sheria ya kujihami ambayo majimbo mengine mengi ya Marekani yaliiga baadaye. Ukiombwa kulitafsiri jina lake la Kiingereza, linalokuja mdomoni haraka ni "sheria ya kusimama imara". Jina hilo silikubali. Kusimama imara ni sifa; tunamsifu nayo shahidi asiyehongeka na mjane anayekataa kunyang'anywa shamba. Ukiliweka juu ya ruhusa ya kuua, umeshamtetea mshitakiwa kabla kesi haijasikilizwa.

Jina lianzie kwenye kile ambacho sheria hiyo imekifuta. Kwa mapokeo ya sheria ya Uingereza, yale yale ambayo kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinayategemea katika mambo ya kujihami, aliyeshambuliwa alitakiwa aondoke kwanza, kama njia salama ipo, kabla ya kutumia nguvu ya kuua. Aliyevamiwa nyumbani kwake ndiye aliyesamehewa sharti hilo. Florida ililiondoa popote mtu alipo kihalali: barabarani, dukani, kwenye maegesho ya magari. Kwa hiyo nasema sheria ya kutolazimika kuondoka. Jina ni refu, ila lina ukweli.

Na tuandike kujihami, tuache kujitetea. Mahakamani kwetu mshitakiwa hujitetea anapopanda kizimbani, hata akiwa ameshitakiwa kwa wizi. Ukiandika kwamba George Zimmerman, aliyeshitakiwa Florida kwa kumuua kijana Trayvon Martin, alijitetea, msomaji atadhani alitoa ushahidi kwenye kesi, na hakutoa.

Sehemu inayouma zaidi ni sharti linalobaki: muuaji awe ameamini, kwa sababu za msingi, kwamba anakabiliwa na kifo au madhara makubwa mwilini. Maneno "kwa sababu za msingi" yasidondoshwe, maana mjadala wote wa rangi unaoizunguka sheria hii umo humo. Tarehe 26 Februari 2012, mjini Sanford, Trayvon Martin, kijana mweusi wa miaka 17, alikuwa anarudi kutoka dukani na peremende na kinywaji. Zimmerman, mlinzi wa kujitolea wa mtaa, alipiga simu polisi akisema kijana huyo anatia shaka. Akaambiwa hakuna haja ya kumfuata. Dakika chache baadaye Trayvon, asiye na silaha, alikuwa amekufa kwa risasi ya Zimmerman. Mashitaka yalifunguliwa Aprili 11, baada ya maandamano kila kona ya nchi. Mawakili wake hawakuomba kabla ya kesi kinga dhidi ya mashitaka inayotolewa na sheria ya kutolazimika kuondoka, lakini maelekezo ya jaji kwa waamuzi sita wa kiraia, wote wanawake, yaliwaeleza kwamba mtu hana wajibu wa kuondoka. Julai 13, 2013 Zimmerman akaachiwa huru. Siku sita baadaye Rais Obama aliuliza kama Trayvon, angekuwa mtu mzima mwenye silaha, angeruhusiwa kujihami kwa sheria hiyo hiyo.

Wanaoitetea husema haitaji rangi, na Wamarekani Weusi nao huitumia. Ni kweli haitaji. Lakini uchunguzi wa Urban Institute wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mzungu anapomuua mtu mweusi, mauaji hayo huhesabiwa halali mara nyingi zaidi kuliko mweusi anapomuua mzungu, na pengo ni kubwa zaidi kwenye majimbo yenye sheria hii. Hofu ya nani ina msingi? Waamuzi ndio wanaopima, na wanapima kwa hofu walizolelewa nazo.

Huko huko Florida, Marissa Alexander, mama mweusi, alifyatua risasi moja ukutani ndani ya nyumba mwaka 2010, akisema mumewe alikuwa anamtishia. Hakuna aliyejeruhiwa. Aliomba kinga ya sheria hii akanyimwa, na mwaka 2012 akahukumiwa miaka 20, kabla hukumu hiyo haijatenguliwa na mahakama ya rufaa mwaka uliofuata. Katika kumnyima kinga, jaji alisema Marissa angeweza kutoka ndani ya nyumba hiyo.