Wajibu wa Kampuni kwa Jamii: Fundisho la Mashamba ya Mbono Kisarawe

Maadili ya biashara na wajibu wa kampuni kwa jamii ni mada zinazojadiliwa sana vyuoni, na mara nyingi hufafanuliwa kwa mifano ya ng'ambo. Sisi wa Wilaya ya Kisarawe, kuanzia Msimbu hadi Kurui na Marumbo, hatuna haja ya kwenda mbali.

Katikati ya miaka ya 2000, bei ya mafuta ilipokuwa ikipanda na Ulaya ikitafuta nishati itokanayo na mimea, kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ilikuja Kisarawe kutafuta ardhi ya kulima mbono kaburi, mmea ambao jina lake latokana na desturi ya kuupanda makaburini. Ilipata takriban hekta 8,200 kutoka vijiji 11, kwa muda wa miaka 99. Eneo hilo halikuwa pori tupu. Wanavijiji walipata humo kuni, mkaa, dawa za miti shamba na maji. Emmanuel Sulle na Fred Nelson, katika utafiti wao juu ya nishati ya mimea na ardhi nchini Tanzania uliochapishwa mwaka 2009, waliutazama mradi huu kwa makini, na wengine wakafuata. Wanavijiji waliahidiwa ajira, visima, barabara, zahanati na shule, lakini ahadi hizo kwa sehemu kubwa zilitolewa kwa mdomo. Ni haki kusema kwamba mamia ya watu waliajiriwa kweli. Hata hivyo, mwaka 2011 kampuni ilifilisika, wengi wao wakapoteza kazi, na mradi ukauzwa kwa wawekezaji wengine.

Hapa sheria yahitaji kufahamika. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haimilikishwi mwekezaji wa kigeni mpaka kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Eneo likizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji hutoa mapendekezo tu, na uamuzi hufanywa ngazi ya Taifa. Ikishahamishwa, kufilisika kwa kampuni peke yake hakuirudishi kijijini. Ajira yaweza kutoweka kwa siku moja, na ardhi isirudi.

Wasomi wamegawanyika. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani Milton Friedman aliandika kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida yake, mradi isidanganye wala kuvunja kanuni zilizowekwa. Mwaka 1984 R. Edward Freeman alieleza mtazamo tofauti: kampuni ina wadau wengi, si wenye hisa peke yao. Kwa mtazamo wa kwanza, kisima kilichoahidiwa huonekana kama zawadi. Kwa wa pili, mwanakijiji ana nafasi mezani. Sisi tunathubutu kusema kwamba hata neno "mdau" halimtoshi mwanakijiji wa Kisarawe. Mwenye hisa alitoa fedha, yeye alitoa ardhi. Kwa hiyo naye ni mtoa mtaji, na kisima kilikuwa sehemu ya bei, si sadaka. Tofauti ni kwamba mtaji wake haukuandikwa popote, na kampuni inapofilisika, ahadi isiyoandikwa ni vigumu kuhesabiwa kuwa deni.

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayachukii faida. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wa "Centesimus annus" wa mwaka 1991, aliitambua kuwa ishara halali ya biashara inayokwenda vizuri, lakini akaonya kwamba hesabu zaweza kuwa safi huku utu wa watu ukidhalilishwa. Papa Benedikto XVI, katika "Caritas in veritate" (2009), alifundisha kwamba wasimamizi hawapaswi kuangalia maslahi ya wenye mali tu, bali pia ya wafanyakazi, wateja na jamii inayowazunguka. Naye Papa Fransisko, katika "Laudato si'" (2015), alidai kwamba tathmini ya athari za mradi ifanywe kabla ya mradi kuanza, na wenyeji wa mahali wawe na nafasi ya pekee katika majadiliano. Majadiliano haya yamewakutanisha pia wafanyabiashara na wanazuoni: tafakari ya Baraza la Kipapa la Haki na Amani kuhusu wito wa kiongozi wa biashara, iliyotolewa mwaka 2012, ilitokana na semina ya namna hiyo. Mwezi Juni 2011, mwaka uleule wa anguko la Kisarawe, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kanuni zinazotenganisha wazi wajibu wa kampuni wa kuheshimu haki na misaada yake ya hiari.

Waamini walio wajumbe wa halmashauri za vijiji, na wote wanaohudhuria mkutano mkuu, wana haki ya kumwuliza mwekezaji maswali matatu. Ahadi hizi zimeandikwa katika kifungu gani cha mkataba? Zitatekelezwa lini? Kampuni ikifa au ikiuzwa, ardhi itakuwa ya nani? Majibu yaingizwe katika muhtasari wa mkutano, na nakala ya mkataba ibaki ofisi ya kijiji, mahali ambapo kila mwanakijiji aweza kuisoma.