Mume na Mke Katika Kusimika Kanisa: Cecil na Lucy Majaliwa katika Nchi ya Masasi na Newala

Tunapoeleza namna Injili ilivyoingia Masasi na Newala, kwa kawaida tunawataja maaskofu, mapadre na mabruda waliotoka Ulaya. Ni haki kuwakumbuka. Lakini miongoni mwa waliotangulia kuipanda mbegu hiyo walikuwamo mume na mke Waafrika, Cecil Majaliwa na Lucy. Walikuwa Waanglikana, na katika historia yao tunajifunza jambo linaloihusu kila familia ya Kikristo.

Mfano wa Akula na Prisila

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatueleza habari za Akula na mkewe Prisila, mafundi wa kushona mahema. Walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakahamia Korintho. Huko walimpokea Mtume Paulo nyumbani mwao, wakafanya kazi pamoja naye. Baadaye, wakiwa Efeso, walimfundisha Apolo njia ya Bwana kwa usahihi zaidi. Paulo anapowasalimu katika barua zake, analisalimu pia Kanisa linalokutana nyumbani kwao. Papa Benedikto XVI alitoa katekesi nzima juu yao mwezi Februari 2007.

Katika mji wa ugenini, basi, Kanisa lilianza kwa mlango uliofunguliwa, kabla ya kuwapo jengo lolote.

Kutoka Unguja hadi Chitangali

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, akawakalisha Masasi. Miaka sita baadaye, Masasi ilishambuliwa na Wangoni, na baadhi ya watu wakachukuliwa mateka. Kazi ya misheni ikahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao.

Cecil Majaliwa alikuwa Myao. Alitekwa na kuuzwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani, Unguja, kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886, akiwa shemasi, alitumwa Chitangali kwa Nakaam, mtawala wa Kiyao. Lucy alikwenda pamoja naye. Biashara iliyomtoa mtoto huyo bara na kumfikisha pwani haikuwa na neno la mwisho: alirudi kwa watu wa kabila lake akiwa mtu huru, mwenye mke na mwenye Habari Njema.

Mwaka 1890 Majaliwa alipewa daraja ya upadre, akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Huko Chitangali aliitunza jumuiya pasipo mmisionari Mzungu wa kukaa naye, hadi mwaka 1897. Kwa muda wa miaka kumi na mmoja, Wayao waliiona Injili katika nyumba ya watu wenye rangi kama yao, wanaolima, wanaolea watoto na kupokea wageni. Hata hivyo, kumbukumbu zinaeleza mengi juu ya Cecil na machache mno juu ya Lucy.

Kanisa Katoliki na makatekista

Wamisionari wetu Wabenediktini walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 viliziharibu zote mbili, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda. Katika Kanisa la Kilatini padre huishi useja; kwa hiyo utume unaofanana na ule wa Cecil na Lucy, yaani wa mume na mke wanaokaa kijijini na kuishuhudia imani, kwetu umebebwa hasa na makatekista na familia zao.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano unaitaja familia kuwa Kanisa la nyumbani, na katika hati ya Ad gentes unawasifu makatekista, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1976, miaka mia moja baada ya Steere kufika Masasi, Maaskofu wa AMECEA waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya Katekista.

Wajibu wetu leo

Ndugu waamini, wapo kati yetu walimu, wauguzi na wafanyabiashara wanaohamishiwa vijiji vilivyo mbali na kigango, au wanaokwenda kutafuta riziki katika miji mikubwa. Wengi huacha imani njiani, si kwa kuikana, bali kwa kungoja mtu mwingine awaalike. Wenzi wanapofika mahali pageni, na wajitambulishe parokiani, wajiunge na jumuiya, na pale ambapo jumuiya haipo, wamwombe paroko waianze nyumbani kwao.

Nasi tunaotunza kumbukumbu za vigango vyetu, tuandike jina la mke wa katekista kando ya jina la mumewe, wangali hai wazee wanaolikumbuka. Tena, tunapoiombea umoja wa Wakristo kila Januari, tuwashukuru ndugu zetu Waanglikana wa Masasi na Newala kwa urithi huu, bila kuficha yale ambayo bado yanatutenganisha.

Watakatifu Akula na Prisila, mtuombee.